Kwa Nini Tunashusha Sauti Tukipita Kando ya Lundo la Mawe

Sogeeni, na mwenye karanga mdomoni azimeze kwanza, maana habari hii ni ya walaji wanaotushinda sote.

Zamani, Mungu alipogawa vyakula, simba alipata nyama, swala majani, nzi mabaki. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilifika mwisho, vyungu vimekwisha kukombwa. "Basi tutakula mawe," vikasema. Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Vyenyewe vikaenda zao kazini.

Babu zetu hawakuyajua hayo. Waliyeyusha shaba kwa moto, na moto ule ulikuwa mlafi kweli. Ulimaliza miti ya vilima vyote, ukabaki msitu mmoja tu, ule unaoifunika chemchemi yetu. Kabwe, mkuu wa tanuri, akaamuru nao ukatwe, uchomwe mkaa. Mwavita, mjane aliyekuwa akiosha mawe ya shaba, alimpinga mbele za watu.

"Chemchemi ikikauka, Mzee Kabwe, tutakunywa shaba?"

Kabwe alimpa siku saba alete shaba isiyotaka mkaa. Alijua haiwezekani, yule mzee mkaidi.

Mwavita alilia sana. Kwa hasira akalitupa jembe lake katika dimbwi la kijani chini ya lundo la mawe hafifu, yenye shaba kidogo mno, yale tuliyoyadharau na kuyamwagia maji machafu miaka nenda miaka rudi. Siku ya saba alirudi kulichukua, kwani shamba halijui huzuni ya mtu. Jembe la chuma lilikuwa limevaa shaba, nyekundu, safi!

Kabwe alipoonyeshwa hakuamini. Alitumbukiza shoka lake mwenyewe, lile lile la kukatia msitu, akakaa kando akilitazama. Lilipoanza kuwa jekundu, alivua kofia.

"Kumbe kuna wanaofanya kazi humu," alisema taratibu, "na hatujawahi hata kuwasalimu."

Shoka halikurudi msituni. Maji mliyokunywa mlipofika hapa yametoka kwenye chemchemi ile ile.

Na tangu siku hiyo, mawe hafifu hatuyatupi. Tunayarundika, tunayanyunyizia maji, kisha tunayaacha miezi mingi bila kuyaharakisha, vile vijidudu viyale na kuiachia shaba majini, nasi tuidake kwa chuma. Na mgeni akipita hapo akipaza sauti, hata awe mtu mkubwa namna gani, tunamgusa bega na kumwambia, "Polepole, ndugu. Wenyewe wanakula."