Pajama Kumi na Mbili za Pimbi

— Niwaambie?
— Tuambie!
— Niwafiche?
— Usitufiche!
— Nilikuwepo, sikuwepo?
— Ulikuwepo!

Nilikuwepo kabisa. Hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu haya, tena kwa karibu kuliko yeyote, na hata leo nikiikumbuka masikio yananichoma.

Hapo kale Kiboko alikuwa bwana forodha kwenye kivuko. Mkubwa, mnene, ana meza, ana muhuri. Kazi yake ilikuwa kukipa jina kila kitu kinachovuka. Kitu cha lazima kilipita bure. Kitu cha anasa, nusu yake ilibaki kwa Kiboko. Basi ajabu, kila kitu kilikuwa anasa!

Akija Digidigi na chungu: "Hiki si chungu, hii ni ngoma. Ngoma ni anasa. Nusu yangu!" Pwaa! Muhuri. Digidigi akavuka na kigae.

Akija Kobe na gamba lake: "Hili si gamba, hii ni nyumba ya ghorofa. Ghorofa ni anasa. Nusu yangu!" Kobe akageuka, akarudi kwao bila kuaga.

Siku hiyo akaja Pimbi, mdogo, mezani yanaonekana masikio tu, na furushi juu ya masikio.

"Umebeba nini, we kijitu?"

"Pajama za kiume, mzee. Kumi na mbili. Wajomba zangu kumi na wawili wanaishi juu ya majabali, baridi inawamaliza."

"Pajama! Nguo ya kulalia! Kulala ni anasa. Nusu yangu!"

"Mzee wangu, wajomba sita wafe?"

"Walale wamekumbatiana."

Pimbi akaitazama njia aliyoijia. Huko nyuma alikuwa amempita bibi mmoja mnene, anakuja polepole, anakwenda kumsalimia mkwewe kivukoni. Pimbi akakohoa kidogo.

"Mimi naona shati na suruali tu, mzee. Utajuaje ni nguo ya kulalia, nawe hujailalia?"

"Unanifundisha kazi?"

"Nani akufundishe wewe! Ila hii hapa ni ya mjomba Kitambi, itakutosha. Ivae. Ukisinzia, ni ya kulalia. Usiposinzia, ni ya mchana."

Kiboko akaona hilo ni rahisi. Akavua sare ya forodha. Akavaa pajama ya mistari ya buluu, vifungo vinalia, kitovu nje. Akaegemea meza. Jua la saa saba likamkanda mgongo. Koroo... fyuu. Koroo... fyuu.

"Hodi wenyewe!"

Kiboko akafumbua jicho moja. Mama mkwe! Mzazi wa mkewe, amesimama na kapu la viazi. Sare iko wapi? Pimbi ameikalia.

Jamani, aibu! Mkwe hata akikuona pekupeku unajificha, sembuse kitovu? Na kamba ya suruali ilikuwa imelegea. Akaishika kwa mkono mmoja, akatamani mto upande ukamchukue na meza yake.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, akiangalia pembeni, "ndiyo unanipokea na nguo za kulalia?"

"Hapana, mama! Hizi... hizi ni nguo za mchana. Za kazi."

"Kweli?"

"Kweli tupu, mama."

"Mmesikia!" Pimbi akadakia. "Za kazi. Kitu cha lazima. Gonga, baba, gonga."

Kiboko akamtazama mkwe. Akalitazama furushi. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Zote zikapita.

"Na hiyo uliyovaa kaa nayo," Pimbi akasema, "ndiyo sare yako sasa. Mimi nachukua hii niliyoikalia. Mjomba Kitambi hachagui."

Mjomba Kitambi akalala na vifungo vya shaba, joto tele. Kiboko akaenda kazini na pajama kila siku, maana mama mkwe huweza kutokea wakati wowote. Mwisho aibu ikamzidi, akaingia mtoni, akabakiza macho. Yumo hadi leo.

Funzo: msifanye hila forodhani, mwenye hila hafiki mbali. Pimbi alifika kwao kabla ya chai ya jioni.

Hadithi yangu imegongwa muhuri, imevuka. Anayeitaka aifuate ng'ambo.

Jambo moja tu nimelitunga. Kiboko hakuwahi kufanya kazi forodhani. Na mama mkwe, hadi leo, ananisalimia akiangalia pembeni.