Nyegere Mlangoni kwa Tembo

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye masikio asogee, mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo zamani za kale, chumvi ilikuwa kwa Mamba, ng'ambo ya mto. Mamba hakutaka mtama. Alitaka kauri, zile simbi za baharini. Kauri ziliuzwa na Korongo, nao walipokea mtama.

Mwaka mmoja kauri ziliisha. Chumvi ikakosekana. Watoto wa wanyama wakalegea, wakafa. Tangu hapo wanyama wakamweka Tembo atunze kauri pangoni.

Tembo akaweka. Akaweka. Akaweka! Kila mavuno alizoa mtama ghalani kwa Kindi, akawapa Korongo, akaongeza kauri.

Na Kindi ndiye aliyekopesha wanyama. Ukilima, unakopa kwake. Ukivuna, unarudisha.

Sasa, Nyegere alitaka kuchimba mfereji, maji yafike kwenye mteremko wake mkavu. Wachimbaji lazima wale. Akaenda kwa Kindi.

"Hodi! Nikopeshe mtama."

"Dada, ghala jeupe. Tembo kazoa."

"Mwaka jana uliniambia hivyohivyo!"

"Na mwaka jana alizoa."

Nyegere akawakumbuka wanawe wanaotafuna mizizi. Hakulia. Akaenda pangoni, tifu, tifu, tifu.

Kauri zilijaa hadi darini. Nyingine zilimwagika nje, chara, chara, chara.

"Mzee Tembo, shikamoo. Rudisha mtama wetu."

"Marahaba. Watoto walikufa kwa kukosa chumvi, umesahau?"

"Sijasahau. Wa kwangu mmoja wao. Weka kauri za chumvi, weka na za mwaka mbaya. Hizi zinazomwagika ni za nini?"

"Ondoka, nisije nikakukanyaga!"

"Kanyaga!"

Nyegere akalala kizingitini. Tembo akainua mguu. Nyegere akamtazama, hakupepesa jicho. Swala akaja, akalala kando yake. Ngiri akaja. Kindi naye, mwoga yule, akaja akitetemeka.

Mguu ukabaki juu. Ukashuka pembeni, pu!

"Nilikuwa naogopa," Tembo akasema.

"Ogopa," Nyegere akajibu, "lakini usituue kwa woga wako."

Kauri za ziada wakarudishiwa Korongo, mtama ukarudi kwa Kindi. Kindi akakopesha. Mfereji ukachimbwa. Maji yakateremka, shwaa! Mteremko ukawa kijani, na chumvi haikukosekana.

Mavuno yaliyofuata, Tembo alitokea tena na magunia makubwa. Nyegere akamkuta njiani.

"Mzee, kauri za pangoni zinatosha."

Tembo akakunja gunia moja, kisha na mengine.

Funzo ni hili: akiba ni ngao ya nchi, lakini akiba inayomeza mtaji wa watu huua kazi zao. Na anayeona hivyo asinyamaze.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeielewa aondoke nayo.