Mlio Mmoja Mrefu, Miwili Mifupi

Wapendwa, mchukueni mtu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyeamua kuunda kompyuta kwa mikono yake. Hakutaka ya dukani. Alikusanya kipande kimoja kimoja, na Ijumaa mchana akakaza skrubu ya mwisho, akabonyeza swichi.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ikawaka. Kioo kikabaki cheusi. Na kutoka ndani ya kasha ukasikika mlio: mmoja mrefu, miwili mifupi. Kimya. Kisha tena.

Akabadilisha waya wa umeme. Akachomoa memori, akaifuta, akairudisha. Kila alipowasha, mlio uleule. Ulitoka kwenye kidude kidogo kama kifungo cha shati, chenye waya mbili, nao ulimkera hata hakuweza kufikiri. Sasa mtu msomi hufanya nini akikerwa? Alikichomoa kile kidude, akakitia mfukoni, akaendelea na kazi.

Mkewe alikuwa sebuleni, amenyoosha mguu juu ya stuli. Ijumaa hiyo alikuwa amemwambia kwamba mguu wa kushoto umevimba na una joto. Mume akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni uchovu wa kusimama mno. Jumamosi asubuhi mkewe akaja kwenye mlango wa chumba alimofanyia kazi, ameshika kitasa.

"Baba Tumsifu, sasa ni kifua. Nikivuta pumzi kinachoma."

"Mama, nimebakiza kidogo tu. Nikimaliza hii tutakwenda wote hospitali. Kajilaze."

Akaenda kujilaza sebuleni. Hakurudi tena mlangoni. Nyumba ikatulia, na yule mwalimu, nawaambieni kweli, akashukuru kwa utulivu ule.

Saa tisa alasiri akakubali kushindwa, akamwita fundi, dada mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Yule dada hakugusa bisibisi. Aliinama, akachungulia ndani ya kasha, akacheka.

"Mwalimu, wewe uliyekuwa unatuchapa kwa kutosikiliza. Kidude cha mlio kiko wapi?"

"Kilikuwa kinanipigia kelele."

"Kilikuwa kinakujibu. Hebu kilete."

Akakitoa mfukoni. Dada akachomeka zile waya mbili, akawasha. Mmoja mrefu, miwili mifupi. Akaeleza kwamba maana yake imeandikwa kwenye kijitabu kilichokuja na vifaa, ukurasa wa mwisho: kadi ya picha haijakaa sawasawa. Mashine ilikuwa ikitaja ugonjwa wake tangu jana.

"Mimi mashine mbovu ikilia siogopi," akasema. "Naiogopa iliyonyamaza."

Mwalimu akageuza uso kuelekea sebuleni. Akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Mama Tumsifu?"

Nyuma yake dada alikuwa ameshaikandamiza kadi. Ikaingia, ta. Kioo kikawaka, cheupe, kizuri, na hapakuwa na mtu wa kukitazama. Sebuleni chai ilikuwa imepoa bila kuguswa, na mkono wa mkewe aliouinua mwalimu ulikuwa wa baridi kuliko kikombe.

Ndugu zangu, mnataka niseme alikuwa mtu mbaya? Hakuwa. Alimpenda mkewe. Alijua kutafuta kosa kwa utaratibu, na kila alichobadilisha alikuwa na sababu ya kukibadilisha. Alikosea jambo moja: aliletewa taarifa, akaiita kero.

Nasi je? Mara ngapi tumesema nyumbani kwetu kuna amani, kumbe tumechomoa waya mbili? Mama aliacha kulalamika tangu mwezi wa tatu. Tukasema amekua kiroho. Kijana haulizi tena kitu mezani, tukasema ametulia. Na hapa kanisani, mkutano mkuu wa washarika uliopita haukuwa na swali hata moja. Tulipiga makofi. Mnakumbuka?

Leo mkifika nyumbani, chakula kingoje. Mwendee aliyenyamaza. Usimhubirie, na usimwambie umebakiza kidogo. Keti hapo hapo alipo, umuulize panauma wapi. Akianza kusema, hata kama ni yaleyale ya jana, hata kama umeyachoka, mshukuru Mungu kwamba bado unayasikia.