Nani Asimame Chini ya Kamba

Kaeni. We Salmini, toa mguu wako kwenye mkeka. Nikisema "Kisa!" nyinyi itikieni, "Kisa njoo, ukweli njoo, uchungu kolea!"

Kisa!

"Kisa njoo, ukweli njoo, uchungu kolea!"

Haya. Utamu katafuteni kwingine, leo bibi yenu ana hasira. Nimemsikia Mwanajaha hapa akisema marehemu fundi Mbaruku alianguka jengoni kwa bahati mbaya. Bahati mbaya! Usinune, mjukuu wangu, sikugombi wewe. Sikiliza kwanza.

Zamani hizo, zamani za meli kula makaa ya mawe, katika nchi ya Ayalandi, nchi ya mvua asubuhi na mvua jioni, palikuwa na bandari ikiitwa Drimore. Na bandarini hapo palikuwa na msichana, jina lake Nano, mshona magunia. Mnadhani Wazungu wote walikuwa na mali? Thubutu! Nano alikwenda kazini pekupeku kwenye baridi ile, na vidole vyake vilijaa matundu ya sindano.

Baba yake, Malaki, alikuwa kuli. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini, chini ya winchi, na kupokea magunia ya ngano yakishushwa kutoka melini.

Jumatatu Malaki akamwambia nyapara, "Bwana, kamba imeoza."

"Itafaa wiki hii."

Jumatano akamwambia tena, "Bwana, kamba imeoza."

"Itafaa wiki hii. Kama hutaki kazi, getini wako mia wanaitaka."

Ijumaa akamwambia, "Bwana, kamba..." Hakumaliza. Magunia kumi yalimshukia kichwani.

Nano alitoka mbio kwenye banda la kushonea magunia, akamkuta baba yake ameshafunikwa turubai. Hakulia. Aliokota kipande cha kamba kilichokatika, akakifumua. Ndani unga mtupu, kama mti ulioliwa na mchwa. Mshona magunia hadanganywi kwa habari ya kamba, watoto. Akakificha chini ya mtandio wake.

Sasa, huko kwao maiti hulazwa sebuleni, saa ya ukutani ikasimamishwa, na majirani wakaja kukaa matanga. Na desturi yao ni kama yetu: mwenye kuja matangani hafukuzwi, hata awe adui. Basi nani akaja? Tajiri mwenyewe, Bwana Galtry, mwenye gati, kavaa kizibao cheupe pepepe! Nyuma yake nyapara, na gunia la makaa. Akampa Mama Nano mkono wa pole. Kisha akatoa karatasi.

"Mama, ni jambo dogo tu. Hapa pameandikwa kwamba marehemu alikuwa amelewa, na kamba ilikuwa nzima. Tia dole gumba, makaa haya ni yako, na kila mwezi yatakuja mengine."

Laana! Mbele ya maiti! Na Malaki hakuonja pombe tangu siku aliyooa.

Mama Nano akawatazama watoto wake wadogo, wanne, wanatetemeka, na yule wa mwisho, Eoni, kifua kinambana. Msimlaumu. Njaa mwana malegeza. Akachovya dole kwenye wino.

"Mama, ngoja," Nano akasema. Mkono ulikuwa chini ya mtandio, umekishika kile kipande cha kamba. Hajapata kumsemesha tajiri maishani mwake. "Bwana Galtry, kamba ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Iliyobaki bado ipo kwenye winchi. Twende gatini. Kamba ile ile, magunia yale yale, na wewe usimame chini. Ukitoka salama, mama atatia dole."

Angekataa vipi, nyumba imejaa makuli na wote wanamtazama? Wakaenda. Magunia kumi yakapandishwa, yakawa yanayumba juu, nyii, nyii.

"Simama chini, Bwana."

"Nina shughuli nyingi leo."

"Simama chini, Bwana."

"Huu ni upuuzi wa kike!"

Makuli wote wakapokea kwa sauti moja, "Simama chini!"

Tajiri akaitazama kamba. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili.

Mnadhani ilikatika? Haikukatika! Ilining'inia tu pale. Kila mtu alikwisha kuona alichotaka kuona. Mama Nano akamwendea tajiri polepole, dole bado bichi kwa wino, akalibandika kwenye kile kizibao cheupe, hapa, juu ya moyo.

"Dole ulilolitaka hilo. Na makaa yako kayachukue."

Tangu saa ile hakuna kuli aliyesimama chini ya kamba. Ukawa mgomo, wiki baada ya wiki. Polisi wakaja na marungu. Nano akafungwa kwa kuwa ndiye aliyesema. Tajiri akakataza duka lolote kuwauzia makaa, na wiki ya nane Eoni akafa kwa kifua. Nano hakuruhusiwa hata kumzika. Atakayewaambia haki huja bure, mwambieni bibi yenu kasema ni mwongo!

Mama akaenda kumwona gerezani. "Mama," Nano akalia, "ni mimi niliyemuua. Ningekuacha utie dole."

"Koma! Aliyefungia makaa ndiye aliyemuua. Toka humu umalize kazi."

Wiki ya kumi na moja ngano ikaota ukungu melini, na tajiri akasalimu amri. Karatasi ikachanwa. Kamba zikawa mpya. Na likawa sharti: kila asubuhi, shehena ya kwanza ikishuka, nyapara mwenyewe asimame chini. Ajabu, kamba za Drimore hazikuoza tena!

Nano alipotoka jela akawa mtu wa chama cha makuli, anakwenda bandari hata bandari kuwaunganisha makuli. Jela aliingia mara tisa. Akagombea baraza la mji, akabwagwa mara tatu, ya nne akaingia. Mabwana wa baraza wakataka kuwajengea maskini kwenye kinamasi. Nano, sasa bibi kizee, meno mawili kinywani, akasimama: "Ni pazuri? Basi nani kati yenu atatangulia kuhamia?" Swali lake lilikuwa hilo hilo mpaka akaingia kaburini.

Basi shikeni hili: anayekuambia mzigo ni salama, mwambie atangulie yeye chini yake.

Haya, Mwanajaha. Fundi Mbaruku alianguka kwa nini?

"Jukwaa... lilifungwa kwa kamba kuukuu, bibi."

Na mwenye jengo alipata kulipanda?

"Hata siku moja."

Ehee! Basi kesho matangani, akija na karatasi yake, atanikuta mimi nimekaa mlangoni.

Kisa nimekitua. Mwenye mabega na akibebe.