Virusi vya Chumba cha Kwaya

Vuuuu.

Ni sauti hiyo moja tu. Mlinzi wa usharika mmoja aliisikia usiku, akazunguka nyuma ya kanisa na kutega sikio kwenye mlango wa chumba cha kwaya. Alichungulia dirishani. Taa zimezimwa, kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi, lakini kitu humo ndani kinanguruma bila kupumzika.

Asubuhi akamfuata mwenyekiti wa baraza la wazee.

“Mzee, chumba cha kwaya kuna kitu hakilali.”

“Wewe umeajiriwa kulinda geti. Mambo ya kwaya yana wenyewe.”

Sasa sikilizeni. Usharika huo ulikuwa na shida ya umeme. Uniti wanazonunua zinayeyuka kabla mwezi haujafika katikati, na spika zinakatika mchungaji akiwa ndani ya sala ya toba. Kila Jumapili baada ya ibada wananadi sadaka za mazao: mikungu ya ndizi, mayai, kuku wa mjane, miguu yake imefungwa kwa kamba. Fedha ya mnada inanunua umeme, na umeme unakwisha. Kuku wa mjane analiwa na nani? Hakuna aliyesema.

Baraza likakaa. Wakazima friji ya jikoni. Wakabadilisha balbu. Hakuna nafuu. Mwishowe wakaenda kwenye chumba cha mlinzi pale getini, na chini ya kitanda wakakuta hita ya kuchemshia maji.

“Hii ni nini?” mwenyekiti akauliza.

“Hita, mzee. Lakini waya wake ulikatika tangu Kwaresima.”

“Kwa hiyo umeitunza ya nini, uivae shingoni?”

Wazee wakacheka. Hakuna aliyeinama kuutazama huo waya. Jioni ile mlinzi alikabidhi filimbi na funguo, akatoka getini na godoro kichwani, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Nani kati ya wazee wale alimsindikiza hata hatua kumi?

Je, umeme ulitulia? Haukutulia. Ukazidi kwisha. Ndipo wakamwita fundi kutoka mjini, dada mmoja mpole. Akasimama mbele ya mita, penye kile kitaa chekundu kinachopepesa umeme unapotumika, akasema, “Zimeni chumba kimoja kimoja.” Wakazima ofisi, kitaa kikaendelea kupepesa mbio. Wakazima jiko, mbio vilevile. Wakazima chumba cha kwaya, na kitaa kikapoa.

“Lakini kompyuta ya kule tunaizima kila siku,” mwenyekiti akasema.

“Mnazima kioo, baba. Mashine yenyewe iko macho.”

Akaifungua mbele ya baraza zima. Ilikuwa mashine yenye nguvu, waliyochangia wote ili video za kwaya zitoke vizuri. Ndani yake mtu alikuwa ameweka programu ya kutafuta sarafu za mtandaoni, inafanya kazi mchana na usiku, na chuma kimekuwa cha moto kama kikaango.

“Aliyeiweka anavuna yeye,” fundi akasema. “Umeme mnalipa ninyi. Neno la siri la mashine hii analo nani?”

Ndugu zangu, walijua. Mwenye neno la siri ni mmoja tu, kijana anayehariri video za kwaya, kifungua mimba wa mwenyekiti. Pikipiki yake mpya waliiona. Walijua hata siku ile walipokuwa wakiicheka hita. Mmoja akatazama dari, mwingine viatu vyake. Mwenyekiti akakohoa.

“Hivyo ni virusi. Vinajiingiza vyenyewe.”

“Ni virusi,” mhazini akaitikia.

“Siku hizi vimezidi,” akasema katibu.

“Virusi havijui neno la siri la kwaya, baba,” fundi akajibu.

“Wewe safisha, binti. Utalipwa.”

Msiwacheke wazee wale. Wanafanana nasi. Sisi tunapenda mwizi asiye na ukoo kanisani, mtu tunayeweza kumfukuza mchana, na usiku tukalala. Kosa likiwa la maskini tunaliita wizi. Likiwa la mtoto wetu tunaliita virusi. Tunafunga kwa ajili ya haki, tunaiombea haki, na haki ikija kubisha hodi tunaiambia isubiri nje, pale getini tulipomwacha mlinzi. Tunazima kioo, tunakuja ibadani na nyuso tulivu, na kile tulichokificha kinaendelea kula sadaka ya mjane. Niambieni, toba ya namna hiyo inamfikia Mungu gani?

Lakini pale barazani alikuwapo mwanamke mmoja, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mke wa huyo mwenyekiti wa baraza. Tangu mlinzi aondoke alikuwa akimwita mumewe “mzee” tu, na wengine wote vivyo hivyo. Lile jina la “baba fulani”, la kumwita kwa kifungua mimba wake, lilikuwa limekufa mdomoni mwa watu. Fundi alipoinua mkono ili afute programu ile, mama yule akausimamisha mkono huo kwa mkono wake. Akamgeukia mumewe.

“Mrudishe mlinzi getini kwake,” akasema. “Virusi gani, Baba Aminieli?”