Mkeka wa Pango la Zimwi

Sogeeni niwape ngano! Shule niliiacha darasa la nne, lakini kwa kusimulia hakuna wa kunifikia. Hii alitupa bibi, enzi zile tukimchambulia ukindu.

Alikuwako Mize, msuka mikeka asiyeajiriwa na mtu. Zimwi likamnyakua dada yake, likamwambia, "Tandika mkeka mmoja pango langu zima, nimwachie. Ukishindwa, namla."

Mize akainua macho kulipima pango. Likapanuka. Akapima tena, likapanuka. Mara ya tatu likawa pana kama mbuga, akaangua kilio.

Dada akafoka kutoka gizani, "We Mize! Tangu lini ukaanza na mkeka? Suka ukili kwanza!"

Hapo bibi alikuwa akinyamaza makusudi, nasi tunamsihi. Jamani, utamu ule!

Basi Mize akainama. Leo pima moja ya ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, kesho pima moja, macho kwenye vidole tu.

Zimwi likacheka, "Kiutepe hicho kitafika wapi?"

"Leo kinafika hapa," akajibu, asiinue macho.

Pango lisilopimwa halikupanuka. Akashona ukili juu ya ukili, hata siku moja mkeka ukagusa ukuta. Zimwi likanuna, likamwachia dada.

Dada akatoka, akaukagua mkeka. "Hapa umepinda, mdogo wangu," akasema, akamkumbatia.