Miche ya Mheshimiwa Kifaru

Ngano hodi!
— Karibu ndani!
Nimekuja na uongo.
— Utue, tule!

Basi sogeeni. Na wewe uliye mlangoni, kaa chini, sirudii mara mbili.

Hapo kale wanyama walikuwa na Ofisi ya Mipango ya Ardhi. Mkuu wake alikuwa Kifaru, na tarishi wake Pimbi, mdogo hivi, kazi yake kubeba mafaili. Kifaru alipenda kuwa mgeni rasmi kuliko alivyopenda kula. Alishatia saini agizo: mti uliopandwa na mgeni rasmi haung'olewi, na atakayeung'oa kazi hana.

Siku moja Pimbi akachungulia faili. Chemchemi wanayokunywa wanyama wote imegawiwa kiwanja. Mwenye kiwanja: Kifaru. Keshokutwa inafukiwa, lipande ghorofa. Na mke wa Pimbi na watoto sita wanakaa kwenye mawe ya palepale.

"Mzee, sasa maji tutakunywa wapi?"

"Mtajua wenyewe," akasema Kifaru. "Peleka faili masjala."

Pimbi akaenda akalia chooni. Akanawa uso, akarudi anatabasamu.

"Mzee, kesho ni Siku ya Kupanda Miti. Maturubai tumeshafunga pale chemchemini, mgeni rasmi ndiye hatuna. Twiga ameomba."

"Twiga? Mgeni rasmi ni mimi." Moyoni akawaza, mche mmoja si kitu, utapendeza uani kwa ghorofa langu.

Kesho yake, chepe chwe! Udongo pu! Makofi pa-pa-pa! Pimbi akasimika kibao: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA KIFARU.

"Hongera, mzee. Ila Twiga mwaka jana alipanda miwili."

Chwe! Pu! Pa-pa-pa! Kibao.

"Na Tembo alipanda kumi, mzee."

Chwe! Pu! Pa-pa-pa! Jua linazama, Kifaru yuko hoi, na chemchemi imezungukwa na miche mia, kila mche na kibao chake.

Kulipokucha katapila likaja, ngurungururu, Kifaru akilifuata nyuma. Likafika kwenye miche, likazima. Dereva Ngiri akateremka.

"Mzee, mimi nina watoto. Agizo la mgeni rasmi saini yake ni yako."

"Basi ng'oa vibao kwanza."

"Jina lako, mzee? Mbele za watu?" akauliza Pimbi. Wanyama walikuwa wamejaa, wanasoma vibao kwa sauti. Walipomwona Kifaru wakapiga makofi, pa-pa-pa! Naye, masikini, akapunga mkono.

Katapila likarudi. Kiangazi kilipoingia, miche ikaanza kunyauka, na kila uliokauka jina la Kifaru lilikuwa juu yake. Ndiyo maana mpaka leo kila asubuhi anabeba ndoo kwenda kumwagilia, na watoto wa Pimbi wanamwamkia, "Shikamoo mgeni rasmi," kisha wanakunywa maji.

Funzo, wanangu: kupanda miti kuna hasara kubwa. Mwenzenu kapoteza ghorofa zima. Ukishapora kiwanja chako, usiguse hata mche.

Ngano inavaa viatu!
— Iende salama, uongo utuachie!